Mbwa wa kazi wa miezi kumi, na mimi bajeti inanishikilia Mtumba mpaka usiku

MamaBosi_Nzuguni

Mbukwenyi wakuu.

Naishi Nzuguni, kazi yangu iko Mtumba, kwenye mji wa Serikali, idara ya mipango ya wizara mojawapo. Mliozoea Dodoma mnajua Aprili mpaka Juni kwetu hali inakuwaje. Kwenye karatasi tunatoka saa tisa na nusu alasiri. Bunge la bajeti likianza, hiyo saa tisa na nusu ndiyo kwanza swali la mheshimiwa linashuka mezani, na jibu linatakiwa kabla hajaingia ukumbini kesho yake. Naondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kurudi ni saa mbili au saa tatu usiku. Wiki ya hotuba yetu nilikuwa narudi majogoo yanajiandaa. Hali hii haitalegea mpaka Juni 30 ipite.

Sasa kazini nina bosi na nyumbani nina Bosi. Wa nyumbani ni Malinois dume, miezi kumi. Kaka yangu alimchukua Arusha akiwa mdogo, akamfundisha mambo ya awali vizuri tu, kisha mwezi wa pili akahamishiwa Kigoma. Nyumba aliyopata huko ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Akaniletea mimi kwa sababu nina uwanja na ukuta. Nampenda huyu mbwa, nisidanganye. Ana akili mpaka inatisha. Komeo la geti dogo alishalisoma, ikabidi niweke kufuli.

Ila nyumba inaelekea kunishinda. Anachimba kando ya msingi. Bomba la kumwagilia mchicha kalikatakata vipande vidogo, vinalingana kama vimepimwa na rula. Boda ikipita nje anakimbizana nayo ndani ya ukuta kona hadi kona, mpaka ameshachonga njia kwenye udongo. Jirani yangu ni mzee wa Kigogo, mstaarabu sana, ana mbuzi. Wakitolewa asubuhi Bosi analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa. Kuna siku alitoroka, hakumng'ata hata mmoja, akawakusanya wote kwenye kona ya ukuta wa kanisa na kusimama mbele yao. Mzee alicheka sana. Mhudumu wa kanisa, aliyekuwa na maua yake pale, hakucheka.

Dada wa kazi anamwogopa, anamtupia ugali kwa dirisha la jiko. Kuna kijana wa bodaboda nimemlipa awe anamkimbiza asubuhi kuelekea Ihumwa na kurudi. Mwanzoni akirudi alikuwa analala. Siku hizi akirudi anataka tena.

Nauliza waliowahi kuwa na mbwa wa aina hii: inawezekana kuishi naye na kazi kama yangu, au nimtafutie mtu mwingine mapema? Tafadhali msiniambie nimfunge mnyororo mchana kutwa. Nimeshaambiwa na ndugu wote wa Singida.

Chuma_Chakavu

Ndugu zako wa Singida wana akili. Mchana banda, usiku uwanjani, ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha. Mbwa wa mzee wangu Kondoa alikula ugali na kulinda boma na hakuna aliyewahi kumuuliza anajisikiaje. Nyie wa Mtumba mna matatizo ya kununua.

Mchunga_Bahi

Dada, huyo mbwa wako mbona kazi yake ameshakuonyesha mwenyewe? Kukusanya mbuzi wote bila kumwaga damu siyo utundu, amezaliwa nayo. Huku kwetu Bahi mbwa wanatoka na mifugo asubuhi wanarudi nayo jioni, na ukiwaona usiku wamelala kama mizigo. Sijawahi kuona mbwa wa machungani anachimba msingi wa nyumba, hana muda huo.

Ongea na huyo mzee. Mwambie kijana wake amchukue Bosi siku moja moja. Mbwa apate kazi, mzee apate msaidizi, wewe ukalale.

Afisa_Mifugo_Kongwa

Kabla ya mafunzo tuanze na afya, maana wengi mnaruka hapa.

Chanjo. Ya kichaa cha mbwa kila mwaka bila kukosa, hasa kama mbwa ana tabia ya kutoka. Muulize kaka yako kadi iko wapi. Kama haionekani, mhesabu kama hajachanjwa na uanze upya. Parvo na distemper, magonjwa mengine ya virusi ya mbwa, ni hivyo hivyo. Na siku ikitokea mtu kang'atwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe na maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Kupe. Mvua ndiyo zimeisha, majani bado marefu, huu ndio wakati wao. Mkague masikioni, kwapani na katikati ya vidole kila unaporudi, hata kama ni saa tatu usiku. Mbwa mwenye moto kama huyo akipoa ghafla, fizi zikapauka, mkojo ukawa wa rangi ya chai, usifurahi kwamba ametulia. Hiyo inaweza kuwa homa ya kupe, mpeleke kwa daktari siku hiyo. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia vipimo, wala usikubali mtu amchome ile sindano ya minyoo ya ng'ombe kwa sababu tu ameibeba kwenye mkoba.

Chakula. Mbwa mwenye kifua kirefu asile shibe kubwa kisha akimbizwe. Tumbo linaweza kujaa hewa na kujizungusha, na hapo una saa chache tu. Kwa hiyo kama anapewa ugali wake ndipo yule wa boda anakuja, acheni. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Watakuambia umhasi atulie. Kuhasi kuna sababu zake nzuri, lakini mbwa anayekosa kazi ukimhasi utabaki na mbwa aliyehasiwa anayekosa kazi.

Na wewe Chuma, kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Banda lenyewe siyo kosa. Banda la bati lisilo na kivuli wala maji, jua la Dodoma la mwezi wa kumi na moja likiliwakia, hilo ni jambo jingine.

MamaBosi_Nzuguni

Asante sana daktari. Kadi ninayo, chanjo zote ziko sawa, kaka alikuwa makini. Ya kula kabla ya kukimbia sikuwa naijua, nashukuru.

Mchunga_Bahi, wazo la mbuzi limenivutia kwa kweli. Mzee mwenyewe aliwahi kulisema kwa utani.

Kamba_Ndefu

Binti yangu, subiri kidogo kwenye hilo la mbuzi.

Nilifanya kazi na mbwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Sasa niko Chamwino na zabibu zangu na jike mmoja mzee wa German Shepherd ambaye kazi yake ni kulala kwenye kivuli cha tenki. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mbwa wa Bahi na mbwa wako hawafanyi kazi moja. Mbwa wa machungani wa Kigogo amekua na mbuzi toka macho hayajafumbuka, na kazi yake ni kulinda: fisi akija, mbweha akija, abweke, asimame. Hawaswagi. Malinois ametoka Ubelgiji, maeneo ya mji wa Malines, kwa wafugaji waliotaka mbwa wa kuswaga na kuzuia, na baadaye akachaguliwa zaidi na zaidi kwa kuuma na kushikilia. Pale kwenye ukuta wa kanisa mbuzi walisimama. Siku mmoja akichomoka mbio, meno yatafuata, na wewe na mzee hamtacheka tena. Miezi kumi hana breki. Akipata ladha ya kukimbiza mbuzi peke yake, kumtoa huko ni kazi ya mwaka.

Boda isimame leo. Kwanza mifupa: mbwa wa ukubwa huo, ncha za mifupa zinapokulia hazifungi mpaka karibu mwaka au mwaka na nusu, na wewe unamkimbiza kwenye lami kila siku kwa mwendo wa injini. Pili, unamjengea pumzi. Umeona mwenyewe, mwanzo alilala, sasa anataka tena. Mwezi wa nane utahitaji boda mbili.

Sasa kuhusu saa zako. Watu wanadhani mbwa wa kikosini anashinda anafanya kazi. Sehemu kubwa ya siku yuko bandani na anasinzia, na mbwa mzima kulala saa 12 mpaka 14 kwa siku ni kawaida, mdogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo saa zako kumi na nne za kutokuwepo ni nyingi, sikufichi, lakini siyo zinazomharibu Bosi peke yake. Mbwa wa kikosini anajua ukosi fulani, yaani mkanda wa shingoni, ukivaliwa kazi imeanza na ukivuliwa kazi imekwisha. Bosi hajui kazi inaanza lini wala inaisha lini, kwa hiyo amejipangia mwenyewe: boda zote za Nzuguni ni zake, mbuzi wa jirani ni wake, bomba la mchicha ni lake. Hapati nafasi ya kulala kwa sababu zamu yake haiishi.

Nunua ukosi wa pili, tofauti kabisa na ule anaoshinda nao. Huo ni wa kazi. Unavaliwa alfajiri na jioni tu.

Alfajiri amka saa kumi na moja. Najua umelala saa sita, lakini ni nusu saa. Chakula chake cha asubuhi usikiweke kwenye bakuli, na dada asimtupie dirishani. Mvalishe ukosi, mkalishe, nenda katawanye dagaa na vipande vya ugali mkavu kwenye majani ya uwanjani, rudi, mwachie na useme "tafuta." Anza na eneo dogo, wiki zinavyokwenda panua. Akishaelewa neno, chukua kipande cha gunia, kifunge fundo, kitembeze mkononi mpaka kishike harufu yako, kisha ukifiche nyuma ya ndoo, juu ya tofali, ndani ya kiatu. Akikipata, vutana naye kidogo, mwachie ashinde, anza tena. Mbwa anayenusa kwa bidii robo saa anahema na kulala kuliko aliyekimbia saa nzima, nimeliona kwa mbwa wa kila rangi. Ukimaliza vua ukosi, sema neno moja la kumaliza, lile lile kila siku, na umpuuze unapojiandaa kwenda kazini. Hapo kwenye kumpuuza ndipo watu wanashindwa. Wanamkumbatia getini, wanamwachia moto umewaka.

Mchana lazima mtu awepo. Hili halina njia ya mkato. Siyo dada anayemwogopa, usimlazimishe, mbwa anamsoma na itaisha vibaya. Tafuta kijana mmoja, yule yule kila siku, wa kuja saa saba. Kazi yake ni kumfungulia ajisaidie, kumbadilishia maji, kumpa dumu, na kuondoka. Asicheze naye mpira, asimkimbize. Dumu ni dumu la kawaida la lita tano: ng'oa kifuniko na kile kipete cha shingoni asije akavimeza, toboa matundu ya kupitisha kidole, tia dagaa ndani. Atalipiga teke nusu saa na kulala. Likianza kumeguka litupwe, madumu hayaishi mjini. Unaweza pia kugandisha supu isiyo na chumvi kwenye kopo, siku za joto anailamba taratibu.

Kumtambulisha kijana kufanyike wewe ukiwepo. Akae, asimkodolee macho, asimnyooshee mkono juu ya kichwa, chakula kitoke kwake. Kama una shaka, Bosi avae kile kikapu cha mdomoni siku za mwanzo, lakini mzoeshe kikapu kwanza kwa kukipaka siagi ya karanga tupu, isiyotiwa kitu kingine chochote, asikione kama adhabu.

Anaposhinda pawe na kivuli cha kweli. Bati peke yake halifai. Juu ya bati weka nyasi, acha upenyo hewa ipite. Upepo wetu unatoka mashariki, na Juni alfajiri unauma, kwa hiyo upande huo weka tofali au turubai. Na asishinde mahali anapoona geti. Anayeona geti yuko kazini.

Usiku ukirudi umechoka, dakika kumi zinatosha. Ukosi, kaa, lala, subiri mlango wazi bila kutoka, njoo, basi. Halafu sehemu ambayo ni ngumu kuliko zote: tandika gunia sebuleni au barazani na umfundishe kulala juu yake wakati wewe unakula na kutazama taarifa ya habari. Akiinuka, mrudishe kimya kimya. Akitulia, mwekee kidonge cha ugali katikati ya miguu bila shangwe. Kutulia ni somo kama kukaa na kulala, na Malinois halijui asipofundishwa. Kama ningeruhusiwa kumfundisha Bosi kitu kimoja tu, ningechagua hicho.

Usimtarajie alinde usiku kwa sasa. Ni mvulana huyo, ulinzi wa maana unakuja akishapita mwaka na nusu, miaka miwili. Ukimshangilia sasa kila anapobweka utapata kelele, hutapata mlinzi.

Na uangalie dalili. Akianza kuzunguka duara kufukuza mkia, kujilamba mguu mpaka kidonda, au kukimbiza vivuli na mwanga ukutani, hapo hali imezidi na nitakuwa wa kwanza kukuambia mtafutie mtu mwenye nafasi. Ndiyo maana tochi usimchezeshee kabisa, hata kama watoto wanafurahi.

Chuma_Chakavu

Mzee, ukosi wa kazi, supu ya kugandisha, gunia sebuleni. Watoto wangu wenyewe hawapati nusu saa ya alfajiri na baba yao.

Kamba_Ndefu

Watoto wako wana shule, Chuma. Bosi hana.

Mchunga_Bahi

Mzee shikamoo. Nimekuelewa kwenye kuswaga na kulinda, hapo umesema kweli, wa kwetu kweli hawaswagi. Lakini mbuzi watapita pale kila siku ya Mungu. Utamficha mpaka lini?

Kamba_Ndefu

Marahaba mwanangu. Sijasema afichwe. Mbuzi wakitoka asubuhi, Bosi awe kwenye kamba ndefu, mbali kiasi kwamba anawaona lakini bado anasikia jina lake. Akigeuka kumtazama mama yake, analipwa. Umbali unapungua polepole. Kuwaona bila kuwafuata, hiyo nayo ni kazi, tena nzito.

MamaBosi_Nzuguni

Mzee Kamba_Ndefu, shikamoo na asante. Nimesoma nikiwa kwenye foleni ya kusubiri sahihi ya mkurugenzi, nikasahau kupiga hatua, wakanipita.

Nimeanza na ile ya dagaa kwenye majani. Mzee hukunitania. Alinusa mpaka akakaa chini mwenyewe, na nilipotoka hakunifuata getini, alikuwa bado anahakikisha hajaacha kitu. Boda nimeisimamisha, kijana kanuna kidogo. Gunia bado ni vita. Analala juu yake nikiwa nimesimama, nikikaa tu naye ananyanyuka.

Kuhusu mtu wa mchana, jirani yangu wa mbuzi ana mjukuu, amemaliza kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Yupo mpaka Julai, na Julai mimi bajeti itakuwa imeisha. Haogopi mbwa hata kidogo, wasiwasi wangu ni kinyume chake, anataka kumpanda mgongoni. Na ananuka mbuzi. Bosi alimnusa suruali kwa muda mrefu sana juzi. Hilo ni zuri au baya?

Kamba_Ndefu

Ni zuri, mradi kijana asije na mbuzi wenyewe. Kijana jasiri anafundishika, tena kirahisi kuliko mwoga. Mwambie amri yake ni moja: akifika asimame, asiseme kitu mpaka Bosi amekaa. Mlipe ujira wa kueleweka, siyo wa kupozana. Akikosa siku mbili ratiba yote imelegea.

Gunia: usikae moja kwa moja. Inama kidogo, simama, mlipe. Gusa kiti, mlipe. Kaa, simama hapo hapo, mlipe. Unaenda haraka kuliko yeye.

Jumapili baada ya ibada mleteni Chamwino, wewe na huyo kijana. Kuna korongo nyuma ya shamba langu, kavu sasa hivi, mchanga laini, tutamwekea njia ya kufuata kwa pua. Kunyweni maji, mje na kofia, na mkague mbigili kwenye nyayo kabla hajapanda gari kurudi. Kamba iwe ya mita kumi, ya pamba. Ya manila ikikimbia mkononi inachana viganja.

MamaBosi_Nzuguni

Tutakuja mzee. Kamba ya pamba ya urefu huo naipata wapi, Majengo au Sabasaba? Jumamosi nayo niko ofisini.

Mchunga_Bahi

Usihangaike. Jumamosi niko mnadani Msalato, nitakuchukulia kule kwa wanaouza za kufungia ndama. Kijana wa mbuzi aje kuichukua kabla ya saa tisa, baada ya hapo mimi niko kwenye nyama na sipokei simu.

Chuma_Chakavu

Mita kumi chukua mbili. Na mimi nina mmoja hapa anakula viatu.